Mdogo wangu wa kiume anaomba kujiunga na kikundi chetu cha wanawake. Nimjibu nini?

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Bukoba, nina watoto wawili na duka dogo la vifaa vya shule. Nakuandikia kwa sababu nimebanwa katikati ya watu ninaowapenda, na Jumamosi ijayo natakiwa kuongoza kikao ambacho sijui nitakiongozaje.

Tuna kikundi cha wanawake. Tulianza kama vikundi vingine vya kuweka na kukopa. Baadaye mwenzetu mmoja aliyesoma chuo kikuu akaanza kutuletea maandishi ya kujadili: haki ya ardhi, ukatili majumbani, ufeministi wa Waafrika. Siku hizi tunanunua hisa kwanza, halafu tunazungumza mpaka jua linazama. Kuna mambo yamesemwa sebuleni kwangu ambayo wenyewe hawakuwahi kumweleza mtu yeyote. Mmoja wetu alitoroka kwa mumewe usiku na mtoto mgongoni. Mwingine alifanyiwa vibaya na mjomba wake akiwa darasa la sita, na sisi ndio watu wa kwanza kuambiwa.

Sasa nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 28, ni mwalimu wa sekondari. Baba yetu alipofariki, ukoo ulikaa kugawa kibanja. Baba mkubwa akasema mabinti tumeshaolewa, hatuna fungu pale. Shangazi, dada yake baba, akamuunga mkono kwa ukali kuliko hata wanaume. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote mle ndani, lakini alisimama akasema kama dada zake hawapati, na yeye hapokei hata mgomba mmoja. Walibishana mpaka usiku. Mwishowe mimi na dada yetu tukakatiwa sehemu. Tangu siku hiyo baba mkubwa haitikii salamu yake. Vijana aliokua nao wanamwita mwanaume suruali, wanasema dada zake wamemkalia. Kijiweni ameacha kwenda.

Mama, huyu ndiye mtoto aliyepigwa kofi kwenye msiba wa bibi yetu kwa kosa la kulia. Alikuwa na miaka tisa. Akaambiwa mwanaume halii.

Miezi michache iliyopita aliomba kujiunga na kikundi chetu. Alishafika mara moja, siku tuliyomwalika mgeni atufundishe habari za mirathi. Alikaa nyuma na kuuliza swali moja zuri. Lakini niliona wenzetu watatu, ambao kwa kawaida huzungumza, siku hiyo hawakufungua mdomo.

Kikundi kimegawanyika. Bibi mmoja, mkubwa wetu sote, amesema: "Mwanaume akiingia leo, kesho ndiye mwenyekiti." Yule msomi wetu anasema kumkataa mtu kwa sababu ya jinsia yake ndicho tunachokipinga siku zote. Wengine wanamtaka kwa sababu nyingine kabisa, kwamba tukienda ofisi ya mtaa sauti ya mwanaume inasikilizwa.

Nilipomwambia bado tunajadiliana aliniuliza, "Kwa hiyo dada, na mimi ni adui?" Sikuwa na la kumjibu. Siku hizi ananitumia video za wanaume wanaowaambia vijana kwamba haki za wanawake ni vita dhidi yao. Hasemi kitu, anatuma tu. Naogopa ninampoteza. Nikimwingiza naogopa nitawapoteza wale watatu.

Mama, mwanaume ana nafasi katika ufeministi au hana? Na mimi nifanyeje?

Dada mwenye kikao, Bukoba

*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa baba.

Nikikusoma vizuri, una mdogo wako aliyekutetea kwa gharama kubwa, na sasa anagonga mlango wako. Ndani kuna wanawake waliochukua miaka kupata mahali pa kusemea, na watatu kati yao walinyamaza alipoingia. Wewe ni dada wa mmoja na mwenyekiti wa wengine. Nashangaa unapataje usingizi.

Swali lako la mwisho umeliuliza kama moja, nami naliona ni mawili yaliyofungwa pamoja. Kuna swali la kama mwanaume ana nafasi katika mapambano ya wanawake. Halafu kuna swali la kama mwanaume huyu akae sebuleni kwako Jumamosi. La kwanza wanawake wamelijadili kwa miaka mingi na wameandika sana. La pili hakuna kitabu kitakachowajibia.

Tuanze na neno lililokuumiza, adui. Miaka ya 1970 huko Marekani walikuwepo wanafeministi walioamini kwamba wanawake hawana budi kujitenga na wanaume kabisa. Waliowapinga kwa hoja nzito walikuwa wanawake weusi. Mwaka 1977 kikundi cha Boston kilichojiita Combahee River Collective kilitoa tamko lake. Walisema wanapambana bega kwa bega na wanaume weusi dhidi ya ubaguzi wa rangi, na papo hapo wanapambana na wanaume haohao juu ya ubaguzi wa kijinsia. Kaka zao, baba zao na watoto wao wa kiume walikuwa wanakandamizwa na watu walewale, wangewatupa wapi? Mwaka 1984 bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, akaenda mbele zaidi. Aliandika sura nzima kuhusu wanaume kama wandani wa mapambano, akasema kazi ya kuvunja mfumo dume ni yao pia. Tena alisisitiza jambo ambalo wewe umelishuhudia kwa macho yako, kwamba wanawake nao huulinda mfumo dume. Aliyetaka mnyimwe kibanja kwa ukali kuliko wote alikuwa shangazi yako. Aliyewatetea alikuwa na ndevu.

Kwa hiyo mdogo wako akiuliza tena, unaweza kumwambia kwa moyo mweupe kwamba si adui, na kwamba wanawake walioyafikiria haya kwa kina hawamwoni hivyo.

Lakini tazama jambo moja kuhusu hao wa Combahee. Wanawake haohao waliosema kaka zao ni wenzao katika mapambano walikutana wanawake peke yao. Hawakuona mgongano wowote. Unaweza kumpenda mtu, kumhesabu kuwa mwenzako, ukawa bado una chumba unachoingia bila yeye. Msomi wenu ana hoja nzuri anaposema tusibague, na ninaiheshimu. Ningemuuliza tu kama kumfungia mtu mlango wa urithi ni sawa na kumwambia mtu, tupishe kidogo tuna mazungumzo. Huyo wa kwanza amenyimwa mali na haki. Wa pili amenyimwa nini hasa? Mjadilini hilo pamoja, maana yeye anaweza kuwa na jibu ambalo sikulifikiria.

Hofu ya yule bibi nayo msiichukulie kama ushamba wa wazee. Historia iko upande wake kwa kiasi fulani. Julai 1848, kwenye mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, uliitishwa mkutano wa siku mbili wa haki za wanawake. Siku ya kwanza ilitangazwa kuwa ya wanawake peke yao. Wanaume kama arobaini wakafika hata hivyo. Hawakufukuzwa, ila waliombwa wakae kimya. Siku ya pili wanaume wakakaribishwa rasmi, na unajua nani alishika kiti? James Mott, mume wa Lucretia Mott, mmoja wa walioitisha mkutano. Jioni kiti kikashikwa na mwanaume mwingine. Hawakukipora. Wanawake wenyewe waliona haiwezekani mwanamke aongoze mkutano wenye wanaume. Wiki mbili baadaye, kule Rochester, Abigail Bush akachaguliwa kuongoza, na Lucretia Mott pamoja na Elizabeth Cady Stanton, mashujaa wenyewe, ndio waliopinga wakiona ni hatari. Bush akaongoza, na mkutano ukaisha salama.

Habari hiyo ina upande wa pili pia. Aliyesimama Seneca Falls kutetea azimio la haki ya kupiga kura, wakati hata baadhi ya wanawake walisitasita, alikuwa Frederick Douglass, mwanaume mweusi aliyezaliwa mtumwa. Bila hotuba yake huenda azimio lile lisingepita. Bibi yenu ameona kitu cha kweli, lakini mwenendo huo si lazima ujirudie. Kama mtamwingiza mdogo wako, andikeni kwenye katiba ya kikundi nani anaongoza, nani anatunza fedha, nani anatoa taarifa nje. Msitegemee upole wake. Kwa ulivyomweleza anao, ila uongozi hautakiwi kutegemea tabia njema ya mtu mmoja.

Sasa wale wanaotaka sauti yake ofisini. Hapa, mwanangu, ndipo ningekuomba usimame kidogo. Raewyn Connell, mwanasosholojia wa Australia aliyeandika sana juu ya uanaume, anasema wanaume kwa ujumla hupokea gawio la mfumo dume, hata wale wasiompiga mtu wala kumnyanyasa. Gawio hilo huingia bila kuombwa. Kwenye kikao cha ukoo mdogo wako alilirudisha gawio lake mbele za watu, jambo ambalo wengi hawathubutu. Ila lipo asiloweza kulirudisha: akiingia ofisini pamoja nanyi, afisa atamtazama yeye. Mkienda naye kwa sababu hiyo shida ya leo itatatuliwa haraka. Je, mkirudi mwezi ujao bila yeye? Sisemi msimtumie. Kuna siku mtu ana njaa na anahitaji barua isainiwe. Jueni tu kwamba kumpokea kwa sababu hiyo ni kumgeuza chombo, na yeye aliomba kuwa mwanachama.

Ngoja nirudi kwake, maana barua yako imebeba maumivu yake kuliko unavyodhani.

Uliandika kwamba ameacha kwenda kijiweni. Uliandika pia kofi la msibani. Miaka ishirini baada ya kitabu chake kile cha 1984, hooks aliandika kingine, cha wanaume tu, na hoja yake kuu ni kwamba mfumo dume, kabla haujamtaka mvulana amwonee mwanamke, humtaka kwanza ajikate hisia zake mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa anayelia kwa kufiwa na bibi yake halafu anapigwa kofi amefundishwa somo hilo siku hiyo. Mdogo wako alikataa kulishika somo. Amelipia alipokataa, na analipia mpaka sasa.

Huku kwetu pia jambo hili limechunguzwa. Margrethe Silberschmidt, mtafiti kutoka Denmark, alikaa na wanaume wa Kisii nchini Kenya na wa Dar es Salaam, akachapisha matokeo yake mwaka 2001. Alionyesha kwamba tangu ukoloni wanaume wamebaki na cheo cha mkuu wa kaya huku njia ya kukitimiza ikiwaponyoka. Mifugo ikapungua, ardhi ikabanwa, ajira zikawa za kubahatisha. Wengi wao, kwa kuwa hawakuweza tena kuheshimiwa kwa kulisha familia, walitafuta heshima kwa ukali na kwa wanawake wengi. Hilo haliwaondolei lawama. Linatusaidia kuona kwa nini video zile zina soko. Zinamkuta kijana mwenye aibu asiyojua aipeleke wapi, zinamwambia aipeleke kwa dada yake.

Umeamua kwamba mdogo wako anazituma kwa hasira. Inawezekana. Lakini mtu aliyehamia upande wa pili kwa kawaida hasumbuki kukutumia ushahidi. Mimi nasikia mtu anayesema, tazama wanachoniambia, hebu nijibu. Ungemuuliza katika hizo video ni maneno gani yaliyomgusa, ukasikiliza bila kubishana hata kidogo mara ya kwanza? Na je, una hakika kwamba anachoomba ni uanachama? Amepoteza baba, baba mkubwa na marafiki wa utotoni kwa mkupuo mmoja. Inaweza kuwa sebule yako ni mahali pekee palipobaki Bukoba ambapo hachekwi. Kama anachotafuta ni wenzake, kura ya Jumamosi, iwe ndiyo au hapana, haitamjibu.

Hapo unaonekana mlango mwingine. Mwaka 2001 FEMNET, mtandao wa wanawake wa Afrika wenye makao Nairobi, uliitisha wanaume wazungumze wao kwa wao juu ya ukatili, na kutokana na hapo likazaliwa kundi la wanaume la Kenya la kutetea usawa wa kijinsia. Wanawake walilianzisha jambo, wanaume wakaenda kulifanya mahali ambapo wanawake hatufiki. Mdogo wako ni mwalimu. Ana chumba cha walimu, ana wavulana wa kidato cha pili wanaoangalia video zilezile. Na ukumbuke kesi ya hapo kwenu Kagera, ya Holaria Pastory, mwanamke aliyeuza shamba alilorithi, mwanaume wa ukoo wake akaenda mahakamani kulirudisha. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisema mila ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo haiendani na Katiba. Pastory ndiye aliyethubutu. Jaji alikuwa mwanaume, akaitenda haki akiwa kwenye kiti alichokuwa nacho tayari. Mdogo wako alifanya la namna hiyo kwenye kikao cha ukoo, na hakuhitaji kadi ya kikundi chochote.

Lakini sitaki nikuuzie njia hii kana kwamba haina miiba. Vikundi vya wanaume vinaweza kugeuka mahali pa kulalamikia wanawake kwa sauti ya chini. Vinaweza pia kugeuka mahali pa kupongezana, mwanaume ameosha vyombo, apigiwe makofi. Walioendesha kazi hizi kwa muda mrefu husisitiza kwamba wanaume wawe na wanawake wa kuwajibika kwao. Kikundi chenu kinaweza kuwa hao, mkitaka mzigo huo. Mnaweza pia msiutake, na hilo ni haki yenu. Zaidi ya hayo, kumwambia kijana aliyeumia "nenda kaanzishe chako" kunaweza kusikika kama kufukuzwa kwa adabu, hasa akiwa peke yake bila hata mwenzake mmoja wa kuanza naye.

Njia ya katikati ni vikao vya aina mbili: vya wazi, juu ya mirathi, sheria, malezi ya watoto wa kiume, ambavyo yeye na wanaume wengine wanakaribishwa, na vya ndani, vyenu peke yenu. Semina za Jumatano za TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo, Dar es Salaam, huingia wanawake na wanaume na mijadala huwaka. Hatari ya njia hii ni uvivu. Vikao vya wazi huwa vitamu, vina wageni na picha, na vile vya ndani huanza kuahirishwa. Mkiichagua, wekeni kwanza tarehe za vya ndani.

Kumpokea kikamilifu nako kuna faida zake, siwezi kuzificha. Wenzenu waliozoea kuona mwanaume kama tishio wangeona mmoja anayesikiliza na kutunza siri. Kwa wengine hiyo ingekuwa dawa, kwa wengine kidonda kufunguliwa. Jambo moja la karatasi: kama mmesajiliwa kama kikundi cha wanawake, au mnafikiria mkopo wa halmashauri wa fungu la wanawake, someni masharti kabla ya kuandika jina la mwanaume kwenye daftari. Msije mkakosa mkopo kwa jambo ambalo lingeulizwa mapema kwa afisa maendeleo ya jamii.

Wale watatu hujawauliza, mwanangu, au umewauliza hukuniandikia. Umeusoma ukimya wao kama kura ya hapana. Huenda ni kweli. Huenda pia walinyamaza kwa sababu siku hiyo alikuwepo mgeni wa mirathi, au kwa sababu yeye ni mdogo wako na waliogopa maneno yao yatafika mezani kwenu. Kama ni hilo la mwisho, tatizo si jinsia yake peke yake, ni undugu pia, na hata dada yako angeleta hali hiyohiyo. Waendee mmoja mmoja, si mbele ya wengine, na uwape ruhusa ya kusema hapana bila kutoa sababu. Aliyefungua siri ya darasa la sita hadaiwi maelezo na mtu.

Na wewe je? Unaongoza kikao kinachomhusu ndugu yako wa damu, ambaye kibanja chako umekipata kwa ujasiri wake. Deni hilo ni kubwa na ni lako. Sidhani kama ni la wenzako. Unaweza kumwomba yule bibi au mwingine akae kwenye kiti kwa ajenda hiyo, wewe ukazungumza kama dada, ukatoka wakati wa kuamua. Unaweza pia kubaki, ukitangaza wazi kwamba una upande. Mwingine anaweza kukwambia Jumamosi ni mapema mno, kwamba hakuna sheria inayodai mwamue sasa, na mimi sitabishana naye.

Lolote mtakaloamua, asilisikie kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake, au mwite aje ale kwako siku ambayo hakuna kikao. Mweleze kilichosemwa bila kutaja nani alisema. Muulize kuhusu kijiwe, kuhusu baba mkubwa, kuhusu baba. Nina wasiwasi kwamba katika mijadala yote hii hakuna aliyekaa naye kuzungumzia kifo cha baba yenu. Hilo halihitaji kura ya mtu, na unaweza kulifanya hata kabla ya Jumamosi.

Niandikie tena ukipenda.